Kifundo kinachouma kila mtoto anaposimama kwa mikono: kwa wazazi wa watoto wa jimnastiki

Mfupa wa mtoto haurefuki kutoka katikati. Hurefuka kutoka karibu na ncha zake, penye tabaka la gegedu lililo dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Anguko ambalo mtu mzima angeteguka tu, kwa mtoto wa miaka 11 linaweza kuumiza tabaka hilo. Na si lazima aanguke. Katika jimnastiki mikono hufanya kazi ya miguu: akipiga gurudumu (kugeuka ubavu kwa mikono) au akisimama kwa mikono, uzito wote hushukia kwenye vifundo vya mikono, tena na tena, jioni moja baada ya nyingine.

Maumivu ya hapo huanza polepole. Mwanzoni mtoto huuma meno akiweka mikono chini, akimaliza mazoezi yanapoa. Baadaye hayapoi. Nyumbani, mwambie aweke viganja mezani na kuegemea mbele, kisha mbonyeze kwa kidole gumba juu ya kifundo, upande wa kidole gumba chake. Akishtuka hapo, au maumivu yakirudi kila anapobeba uzito kwa mikono, asiendelee kuubeba mpaka aonwe na daktari. Picha ya eksirei ya mapema inaweza kutoka safi hali tabaka limeshaumia, kwa hiyo picha nzuri si ruhusa ya kurudi mazoezini. Pumziko la mikono huchukua wiki kadhaa. Picha ikishaonyesha mabadiliko, hesabu miezi. Jeraha likipuuzwa, mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba unaweza kuacha kukua huku mwenzake wa upande wa kidole kidogo ukiendelea, na kifundo kikabaki kupinda na kuuma ukubwani. Kufunga bandeji na kumeza dawa ya maumivu ili mtoto amalize mazoezi ndiko kunakomfikisha huko.

Mgongo nao usipuuzwe. Kijana anayeumwa kiuno kila anapojipinda nyuma, kwa zaidi ya wiki 2, achukuliwe kuwa ana ufa kwenye pingili ya chini mpaka daktari aseme vinginevyo. Ufa huo hutokana na kujipinda kulikorudiwa mno, na eksirei ya kawaida huweza kuukosa. Hata kama familia haina fedha za kipimo kikubwa, tiba ya kwanza haina gharama: asijipinde nyuma na asiruke, mara nyingi kwa miezi 3. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana, amwimarishe misuli ya tumbo na makalio. Asikandwe wala kuvutwa mgongo na mtu anayeunga mifupa kienyeji.

Maumivu ya kisigino au ya chini ya goti wakati mtoto anarefuka kwa kasi mara nyingi hutulia akipunguza kuruka.

Akiangukia kichwa au shingo, msimwinue, na msimpakie kwenye bodaboda. Alale palepale, kichwa kikishikiliwa kisitikisike, mpaka ipatikane gari la wagonjwa au gari ambamo anaweza kulazwa. Akitapika, akichanganyikiwa, akizidiwa na usingizi au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali mara moja. Hata akionekana mzima, siku hiyo mazoezi yameisha.

Sasa kocha. Mzazi ana haki ya kukaa na kutazama mazoezi, na ukumbi unaofungia wazazi nje hautufai. Tazama mahali watoto wanapotua. Shule zetu nyingi hufanyia mazoezi kwenye nyasi au sakafu ya saruji. Hapo magurudumu na kubingirika vinawezekana, lakini kupinduka hewani hapana. Magodoro ya kutulia kwenye mashindano ya kimataifa yana unene wa sentimita 20. Godoro la kulalia lililochakaa, linalofika sakafuni ukilikanyaga, halitoshi. Tazama pia jinsi kocha anavyowanyoosha. Akimkalia mtoto mgongoni ili apige msamba, mtoto analia naye anakandamiza, mwondoe mwanao siku hiyohiyo.

Nchini Uingereza, uchunguzi wa wakili Anne Whyte kuhusu jimnastiki uliochapishwa Juni 2022 ulieleza hayohayo: watoto kunyooshwa kwa nguvu, kufanyishwa mazoezi wakiwa na majeraha, kunyimwa chakula na maji. Hapa Uganda, sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na medali haibadilishi hilo. Mtoto akipigwa, akishikwashikwa au akitishwa, piga 116, laini ya Sauti ya kusaidia watoto. Simu ni bure.

Kuchoka kwa moyo huanza na mambo madogo: tumbo kuuma kila siku ya mazoezi, usingizi kupungua, masomo kushuka, na ujuzi aliokuwa nao kumpotea ghafla. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alipopoteza hisia ya mwili wake hewani kwenye Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, alijiondoa. Mwaka 2024 mjini Paris alipata dhahabu 3. Kama bingwa yule alisimama, mtoto wa darasa la tano asilazimishwe kuruka akiwa na hofu. Saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake: miaka 9, saa 9. Apate siku 1 au 2 za kupumzika kila wiki, na miezi 2 au 3 kwa mwaka nje ya jimnastiki; likizo ndefu ya Desemba na Januari ni pa kuanzia. Ale kabla ya kwenda. Matoke peke yake hayajengi mfupa. Weka maharage, mukene (dagaa), maziwa. Msichana ambaye hedhi imekatika miezi 3, au hajaiona kabisa akifika miaka 15, huenda anakula kidogo kuliko anavyotumia, naye aonwe na daktari.

Kurudi baada ya jeraha kufuate mwili, si kalenda ya mashindano. Kwa kifundo cha mkono: kwanza aegemee ukuta bila maumivu, kisha apige magoti na kuweka viganja chini, kisha pushapu, ndipo asimame kwa mikono kwa sekunde chache. Kila hatua ipewe siku kadhaa. Kikiuma usiku huo au asubuhi yake, arudi hatua moja nyuma, na kocha aambiwe kwa maandishi.