Video fupi hazikuanza na TikTok

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu ikimiminwa kutoka kwenye dele, hukosi kusikia: "Twitter ilikuwa ya maandishi tu, TikTok ndiyo iliyoiharibu kwa video." Sivyo.

Twitter ilianza 2006 na herufi 140 kwa sababu ilitegemea SMS, na SMS moja hubeba herufi 160. Simu ndizo zilizoibana, si mapenzi ya maandishi. Mwaka 2012, kabla TikTok haijazaliwa, Twitter ilinunua Vine, programu ya video za sekunde 6. Juni 2013 Instagram nayo, iliyokuwa ya picha, ikaleta video za sekunde 15. (Vine ilifungwa baadaye, wengine bado tunaililia.)

Wala mkondo haukwenda upande mmoja: 2023 TikTok ikaruhusu machapisho ya maandishi matupu.

Mtazame kijana kwenye feri ya Likoni. Anarekodi msongamano, anaandika juu yake "Leo tutafika saa ngapi jamani?", anarusha. Hiyo ni video au ni maandishi? Ifute ile sentensi uone: vimebaki visogo vya watu tu.