Mchezaji aliyeumia ni wa nani? Dhana potofu kuhusu mvutano wa klabu na timu ya taifa

Januari 18, 2024, mjini Abidjan, Mohamed Salah, nahodha wa Misri na mshambuliaji wa Liverpool ya Uingereza, aliumia misuli ya nyuma ya paja wakati kipindi cha kwanza cha mechi ya Misri na Ghana ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kikielekea ukingoni. Shirikisho la Misri lilitangaza kwamba angekosa mechi mbili. Siku chache baadaye ikafahamika kwamba anarudi Liverpool kutibiwa huko, na hapo moto ukawaka. Wengine walisema klabu imempora, wengine wakasema nahodha kawatupa wenzake. Kila upande ulidai kanuni ziko upande wake, na mengi yaliyosemwa kwa kujiamini siku zile hayamo kwenye kanuni yoyote.

"Klabu ndiyo inayomlipa, ikisema kaumia basi kaumia"

Hapana. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinailazimisha klabu kumwachia mchezaji kwa mechi na mashindano yaliyomo kwenye kalenda ya kimataifa. Akiwa majeruhi, shirikisho la nchi yake lina haki ya kudai apimwe na daktari ambaye shirikisho lenyewe limemchagua. Mchezaji naye anaweza kuomba vipimo hivyo vifanyike kwenye nchi anayochezea klabu, ili asipandishwe ndege na mguu unaouma.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wengi hawalijui. Mchezaji aliyeitwa timu ya taifa haruhusiwi kuichezea klabu yake katika siku zote alizopaswa kuwa na taifa, mpaka shirikisho likubali. Mchezaji akikataa au akishindwa kuitikia wito, kwa sababu yoyote ile, zuio hilo huongezwa siku tano. Hii ndiyo dawa ya ule mchezo wa "kaumia Alhamisi, kapona Jumapili". Kwa hiyo shirikisho likitangaza kwamba limemruhusu mchezaji abaki klabuni, linatumia mamlaka lililo nayo kweli.

Lakini klabu nazo zina kilio cha haki. Kanuni hizohizo zinasema klabu haidai malipo kwa kumwachia mchezaji, na bima yake ya ugonjwa na ajali kwa muda wote anapokuwa na taifa ni mzigo wa klabu. Akivunjika goti akiwa na jezi ya nchi, mshahara unaendelea kutoka kwenye mfuko uleule wa klabu.

"FIFA inafidia kila kitu"

Zamani haikuwa ikifidia chochote. Novemba 2004 Abdelmajid Oulmers, kiungo wa Charleroi ya Ubelgiji, aliumia akiichezea Morocco mechi ya kirafiki dhidi ya Burkina Faso na akakaa nje miezi minane. Charleroi haikuwa klabu tajiri. Ikaenda mahakamani kuidai FIFA, vigogo wa Ulaya waliokuwa kwenye umoja wa G-14 wakaiunga mkono, na suala likapelekwa mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya. Katikati ya kesi hiyo, Juni 2006, Michael Owen alipasuka goti dakika ya kwanza ya mechi ya Uingereza na Sweden kwenye Kombe la Dunia. Newcastle ilimkosa karibu msimu mzima, na ikavutana muda mrefu na wakubwa wa soka mpaka ikalipwa mamilioni ya pauni.

Kesi ya Oulmers haikufika kwenye hukumu. Mwaka 2008 pande zote zilikubaliana, G-14 ikavunjwa, chama kipya cha klabu za Ulaya kikazaliwa, na FIFA ikakubali kugawa sehemu ya mapato ya Kombe la Dunia kwa klabu zinazotoa wachezaji: dola milioni 40 mwaka 2010, milioni 209 mwaka 2022. Mwaka 2012 ukaja mpango wa kuzilinda klabu, na huu ndio watu wanaoukuza kupita kiasi. Unalipa mshahara wa mchezaji aliyeumia na taifa akiwa nje zaidi ya siku 28, na una kikomo cha euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja. Akikaa nje wiki tatu, klabu haipati kitu. Pointi zilizopotea na thamani yake sokoni iliyoshuka havimo kwenye hesabu.

"Daktari wa klabu ndiye mkweli, wa taifa anabahatisha"

Wengine huigeuza dhana hii kinyume chake. Kisa cha Arjen Robben, winga wa Uholanzi na Bayern Munich ya Ujerumani, kinafundisha kuliko hoja zote za kijiweni.

Juni 5, 2010, Uholanzi iliifunga Hungaria 6-1 mjini Amsterdam katika mechi ya mwisho ya kujiandaa na Kombe la Dunia. Robben alikuwa amefunga mabao mawili. Dakika za mwisho, mechi ikiwa imeshaisha kwa maana zote, akajaribu kupiga mpira kwa kisigino na nyuma ya paja pakavuta. Wenzake wakaondoka kwenda Afrika Kusini, yeye akabaki kwa mtaalamu wa tiba ya viungo nyumbani. Akajiunga nao baadaye, akakosa mechi mbili za kwanza, akaingia dhidi ya Kamerun, akafunga dhidi ya Slovakia, akacheza mpaka fainali. Nchi nzima iliona kapona.

Aliporudi Munich mwezi Agosti, madaktari wa Bayern walimpima na kukuta msuli una mchaniko wa sentimita 5. Hakucheza tena mpaka Januari 2011. Bayern ikadai fidia, shirikisho la Uholanzi likakataa, na mwishowe wakakubaliana kucheza mechi ya kirafiki Munich, Mei 2012. Usiku huo Robben, akiwa na jezi ya nchi yake, alizomewa na mashabiki wa Bayern, siku tatu tu baada ya penalti aliyokosa kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mtu mmoja alibeba jeraha, lawama na zomeazomea, ilhali waliopishana kuhusu paja lake walishapeana mikono.

Je, daktari wa Uholanzi alidanganya? Hakuna haja ya kufikia huko. Misuli ya nyuma ya paja ni laghai: maumivu huisha kabla nyuzi hazijaungana sawasawa. Mchezaji anakimbia mazoezini, anapiga mpira, hasikii kitu. Kisha anakimbia kwa kasi yake yote, na pale mguu unaporushwa mbele msuli unavutika kwa nguvu kuliko wakati wowote. Ndipo jeraha linapotoneshwa. Daktari wa taifa ana fainali mbele yake, daktari wa klabu ana msimu mzima. Wote wawili wameajiriwa na upande wenye mechi ya kushinda.

"Aliyerudi klabuni kaikimbia nchi"

Misri ilitolewa na DR Congo kwa penalti Januari 28, siku kumi tu baada ya Salah kuumia. Alirudi uwanjani Februari 17 dhidi ya Brentford, akafunga bao na kutoa pasi ya bao, na wenye hasira wakaona wamepata ushahidi. Hawakutazama kilichofuata: paja likagoma tena, akaikosa fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea. Jeraha lilikuwa la kweli, na klabu nayo ilionekana kumuwahisha. Ghana ilishaonja uchungu huo 2010. Kiungo wake Michael Essien wa Chelsea alikwenda Angola kwenye AFCON akitoka kuuguza paja, akaumia goti mazoezini, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita.

Wapo wanaosema huu ni uonevu wa Ulaya kwa Waafrika. AFCON kuchezwa katikati ya msimu kunauchochea ugomvi, hilo ni kweli, lakini Robben na Owen si Waafrika. Hata kwenye raga ya wachezaji 13, klabu za NRL, ligi ya mchezo huo huko Australia, zilipinga hadharani wachezaji wao kusafiri hadi Denver, Marekani, Juni 2018 kwa mechi ya Uingereza na New Zealand. Hofu yao ilikuwa safari ndefu, hewa nyepesi ya mji ulio mita 1,600 juu ya bahari, na nani angelipa mtu akivunjika. Mechi ilichezwa, Uingereza ikashinda 36-18.

Kijana anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda kucheza nje asingoje pande hizo mbili zimalizane. Apimwe kabla ya kupanda ndege kwenda kambini na kabla ya kurudi, kila mara achukue nakala ya picha zake, na azipeleke kwa daktari wa tatu ambaye halipwi na klabu wala shirikisho.