Mnyororo wa kielelezo: kete zililala wapi Ijumaa usiku?

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, askari wanampekua kijana stendi na kumkuta na kete 32 za unga. Jumatatu asubuhi bahasha inapokelewa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwaka unapita. Siku ya kesi wakili wa utetezi anasimama, na wala hagusi suala la kama unga ule ni heroini au ni panadol iliyosagwa. Anauliza moja tu: "Afande, Ijumaa usiku kete zililala wapi?"

Kesi hii nimeitunga, ila swali lake si geni mahakamani. Jibu lake ndilo linaloitwa mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Wengine husema mlolongo. Ni kitu kilekile.

Kielelezo, kwa maana tunayoizungumzia hapa, ni kitu kinachoshikika kinacholetwa mahakamani kuthibitisha jambo: panga, simu, shati lenye damu, kufuli iliyokatwa. Mnyororo ni kumbukumbu ya mikono yote iliyokishika kitu hicho, kwa mfuatano wa tarehe na saa: nani alikikamata, akamkabidhi nani, kikatunzwa wapi, nani alikipima, mwisho kikaishia wapi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliueleza hivyo mwaka 2009, katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007, na uamuzi huo umekuwa ukirejewa tangu hapo. Sababu iliyotolewa haina mafumbo: ijulikane kwamba kitu kilicholetwa kinahusiana kweli na kosa, hakikupandikizwa ili mtu aonekane mkosaji. Mtaani tunasema kubambikiwa.

Mnyororo unaanzia eneo la tukio, kabla kitu hakijaguswa. Chukua panga lenye damu lililolala uvunguni mwa kitanda. Kwanza linapigwa picha kwa mbali, chumba kizima kionekane. Halafu kwa umbali wa kati, panga na mguu wa kitanda. Halafu kwa karibu, rula ikiwa pembeni ili ukubwa usomeke. Kisha unachorwa mchoro wa chumba, na panga linapimwa kutoka sehemu mbili zisizohama, tuseme kona ya ukuta na fremu ya mlango. Si kutoka kwenye kiti, maana kiti kesho hakipo pale. Picha haisemi umbali na mchoro hauonyeshi rangi ya damu, ndiyo maana vyote viwili vinahitajika, pamoja na daftari la mpelelezi lenye saa aliyoingia na majina ya waliokuwemo.

Baada ya hapo ndipo glavu zinavaliwa na panga linainuliwa. Hapa kuna kosa ambalo mtu mwenye nia njema kabisa hulifanya: kulitia kwenye mfuko wa plastiki na kulifunga vizuri. Damu mbichi ndani ya plastiki huvunda, na vinasaba huharibika. Kitu chenye damu huachwa kikauke, halafu hufungwa kwenye karatasi: bahasha ya kaki, au boksi. Nguo mbili hazilali mfuko mmoja, hata kama zimetoka kwa mtu mmoja, kwa sababu doa la moja linaweza kuhamia kwa nyingine.

Kisha makaratasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayekamata mali atoe stakabadhi ya alichochukua, isainiwe na mwenye mali au mkaaji wa nyumba, na mashahidi. Kwa kawaida shahidi ni mjumbe wa nyumba kumi au jirani aliyeitwa usingizini. Nyaraka hiyo wengi wanaijua kama hati ya ukamataji mali. Kituoni, Kanuni za Jumla za Polisi (PGO), hasa namba 229, zinataka kielelezo kiwekewe lebo na kuingizwa kwenye rejista ya vielelezo. Anayekitoa stoo anaandika, anayekirudisha anaandika. Kazi ya kuchosha, nakubali, na inafanywa na watu ambao mara nyingi hawajalala.

Ukiniuliza mimi, mnyororo haukatiki sana pale kitu kinapohama. Kikihama, angalau kuna watu wawili, anayetoa na anayepokea, na kila mmoja anataka saini ya mwenzake imlinde. Hukatika pale kitu kinapotulia. Kete zetu 32 zilifika kituoni saa mbili usiku, mtunza vielelezo ameshaondoka na funguo zake, na mpelelezi akaziweka kwenye droo ya meza yake hadi Jumatatu. Pengine hakuna aliyezigusa. Pengine mpelelezi ni mwadilifu kuliko sisi sote. Lakini hakimu hakuwepo ofisini siku tatu zile, na droo haiwezi kuapishwa. Mkemia akiandika kwamba amepokea kete 31, hata kama aliyehesabu stendi ndiye aliyekosea, utetezi umeshapata ulichokuwa unakitafuta.

Mfano wa kweli wa kitu kilichokawia njiani uko Los Angeles. Juni 1994, siku ileile miili ya watu wawili waliouawa ilipokutwa, polisi walimtoa damu O.J. Simpson, nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani aliyeshukiwa kuwaua. Badala ya kukiandikisha papo hapo kichupa chenye damu hiyo, mpelelezi Philip Vannatter alikibeba akaenda nacho hadi nyumbani kwa Simpson, ambako wataalamu walikuwa bado wanakusanya vielelezo, akamkabidhi mmoja wao. Alikuwa na maelezo yake. Lakini muuguzi aliyemtoa damu alikuwa amesema alichukua takriban mililita 8, na upande wa utetezi ulipojumlisha kumbukumbu ukadai kama mililita 1.5 hazijulikani zilikokwenda. Wakajenga juu yake hoja kwamba damu ilimwagwa mahali palipotakiwa ionekane. Simpson aliachiwa huru Oktoba 3, 1995. Kesi ile ilikuwa na mengi mengine, sisemi kichupa pekee kiliimaliza; ila kingeandikishwa mara moja, hoja hiyo ingekosa pa kusimama.

Sasa, si kila karatasi ikikosekana kesi inakufa. Mahakama ya Rufani hiyohiyo imelegeza kamba katika hukumu za baadaye. Hutazamwa kitu chenyewe: je, ni rahisi kubadilishwa au kuchezewa? Jino la tembo si kitu ambacho mtu atakibadilisha kwa kingine kwenye droo, kwa hiyo mashahidi wakieleza kwa mdomo, bila kupingana, jinsi lilivyotoka mkono hadi mkono, inaweza kutosha. Unga mweupe ndani ya vikaratasi ni jambo jingine. Hapo hata tone la lakiri, nta ya kuzibia bahasha, lina maana, na mahakama hubana.

Kuna pia vitu visivyoweza kungoja kesi. Mtu akikamatwa na nyama ya swala, nyama haitakaa miezi kituoni, hivyo hupelekwa kwa hakimu ili itolewe amri ya kuiteketeza, na fomu ya orodha ya mali ndiyo inayokuja mahakamani badala ya nyama. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikataa kuitegemea fomu ya namna hiyo. Mshitakiwa hakuwa amepelekwa mbele ya hakimu kusikilizwa kabla ya nyama kuteketezwa, na PGO 229 yenyewe inataka awepo, na inahimiza nyama ipigwe picha. Ushahidi ukishachomwa bila yeye kuuona, ataupingaje?

Na kama wewe ndiye jirani uliyeitwa kushuhudia upekuzi, hesabu kete mwenyewe kabla ya kusaini. Idadi ikiandikwa kwa tarakimu, omba iandikwe na kwa maneno, na nafasi iliyobaki chini ya orodha ipigwe mstari. Miezi kadhaa baadaye utaonyeshwa karatasi ile kizimbani na kuulizwa kama saini ni yako, na kama ulipoiweka orodha ilikuwa imeshajazwa.