Akicheka, magoti yanamlegea: maswali kuhusu nakolepsi

Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Moshi. Analala saa tatu usiku, lakini darasani anasinzia kila siku. Mwalimu anasema ni mvivu. Ni kweli, dokta?

Mama, fungua kwanza daftari lake. Mwenye nakolepsi, ugonjwa wa ubongo unaoleta usingizi wa ghafla mchana, anaweza kuendelea kuandika huku ubongo umeshalala: mstari unaanza vizuri, herufi zinalegea, kisha zinateremka mpaka maneno hayasomeki. Mvivu hajisumbui hivyo.

Hata hivyo, tusikimbilie nakolepsi. Upungufu wa damu, kukesha na simu, kukoroma kwa kukatika pumzi na baadhi ya dawa za mafua huleta usingizi kwa watu wengi zaidi. Hayo yapimwe kwanza.

Juzi shangazi yake alimchekesha, akaporomoka jikoni. Jirani anasema ni kifafa.

Hapo ndipo ninapoanza kushuku nakolepsi. Alipoanguka, alikuwa anawasikia? Kama baadaye alisimulia kila mlichosema, fahamu haikupotea. Mwenye kifafa cha kuanguka kwa kawaida hakumbuki. Kwa nakolepsi, kicheko au furaha ya ghafla hulegeza taya, shingo, kisha magoti, kwa sekunde chache hadi dakika moja au mbili. Gélineau, daktari Mfaransa aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1880, alieleza habari za muuza mapipa ya mvinyo ambaye miguu ilimlegea akicheka, hata akinusa biashara nzuri.

Sababu ni hii. Tukiwa ndotoni, ubongo hulegeza misuli ili tusirushe ngumi kitandani. Kinachotuweka macho na kuzuia mambo hayo yasichanganyike ni kemikali iitwayo oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998. Kwa mwenye kulegea huku, seli zinazoitengeneza zimekufa, na inashukiwa kinga ya mwili ndiyo iliyozishambulia. Basi ulegevu wa ndotoni unamvamia akiwa macho.

Jinamizi nalo ni hilohilo: umeamka, mwili haujafunguliwa, unaona mtu amekukalia kifuani. Wengi wetu limewahi kutukaba mara moja moja na hatuumwi kitu. Kama binti linamkaba mara kwa mara, mwambieni daktari hata kama mmeshaenda kwenye maombi.

Akianguka tena, msimmwagie maji. Mshikeni kichwa kisigonge, mmsubiri. Na mmoja wenu arekodi kwa simu; video hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya watu watatu.

Nafanya kazi mbugani. Haya si malale?

Malale huletwa na vimelea vya mbung'o, huanza na homa na maumivu ya kichwa, na huua usipotibiwa. Kama umeng'atwa na una homa, nenda hospitali leo. Nakolepsi haiambukizi.

Mimi ni bodaboda, Arusha. Usingizi ukinizidi natafuna mirungi.

Kaka, weka pikipiki pembeni mpaka upimwe. Nalijua tatizo la hesabu ya bosi jioni, lakini usingizi huu haupigi hodi, na nyuma umebeba mtu. Mirungi ni kosa kisheria, tena inaharibu usingizi wa usiku, kesho unaamka na deni kubwa zaidi.

Kipimo chenyewe ni kulala usiku umebandikwa nyaya kichwani, kisha kesho yake kusinzia kwa vipindi mpaka vitano, kila baada ya saa mbili. Ukisinzia kwa wastani wa dakika 8 au chini na kuingia ndotoni upesi angalau mara mbili, jibu linaelekea huko. Hospitali nyingi hazina kipimo hiki, kwa hiyo andika kwa wiki mbili saa unazolala na kusinzia, uende nazo ukiomba rufaa. Kwa Kaskazini mara nyingi ni KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi.

Ugonjwa hauponi, ila hudhibitiwa. Zipo dawa kama modafinili, za kuandikiwa na daktari tu.

Na shuleni?

Mama, mwombe mwalimu dakika 15 au 20 za kulala baada ya chakula cha mchana, kabla ya kipindi cha kwanza cha mchana, na rafiki mmoja wa kumwamsha.