Serikali yasema tukimbie: maswali ya watu wa Mombasa na majibu yake

Kwani serikali inapata nini mimi nikitoka jasho?

Inapunguza gharama. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha, na wengi walikuwa hawajawahi kupimwa. Presha ikiachwa huzaa kiharusi na maradhi ya figo, na matibabu yake ni ya miaka. Ndiyo maana 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipunguze idadi ya watu wasiofanya mazoezi ya kutosha kwa asilimia 15 kufikia 2030.

Hapa kwetu wengi wanakumbuka 2014, Margaret Kenyatta, Mama wa Taifa wa wakati huo, alipoanzisha mbio za Beyond Zero za kuchangia kliniki zinazotembea kwa magari kwenye kaunti. Mwaka uo huo akakimbia marathoni ya London mwenyewe. Lakini mimi nawaonea wivu zaidi watu wa Kigali. Tangu 2016 wanafungiwa barabara baadhi ya Jumapili, magari yanakaa kando, wazee kwa watoto wanakimbia, na presha na sukari zinapimwa papo hapo bila malipo. Fulana ya mbio za siku moja huishia kuwa tambara la kupangusia baiskeli. Barabara inayofungwa kila mwezi inazoesha watu.

Joto hili letu halitatuua?

Ukilidharau, linaweza. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika papa hapa Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa mbio hizo tangu 2002, aliachia njiani katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa Bekele alishikwa na joto la kaskazi, wewe uliyetoka kula mahamri na mbaazi una nini?

Tabu yenyewe ni unyevu. Jasho hupoza mwili likikauka, na hewa ya pwani imejaa maji tayari, kwa hiyo jasho linachuruzika tu na joto linabaki ndani. Toka baada ya sala ya alfajiri, jua halijakuwa kali. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, basi siku za mwanzo tembea zaidi ya unavyokimbia. Mwenzako akianza kuyumba, kuropoka au kujibu yasiyoulizwa, msimamishe. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na atafutwe gari la hospitali mara moja. Usimlazimishe kunywa kitu akiwa amechanganyikiwa.

Nikimbie muda gani?

Dakika 75 kwa wiki, au 150 za kutembea kwa haraka. Ukishindwa kusema sentensi moja bila kukatika pumzi, punguza mwendo. Mwenye maumivu ya kifua, presha au sukari aonane na daktari kwanza.

Nina miaka 46, naishi Kisauni, navaa buibui. Nikitoka, vijana wa maskani wananicheka. Nifanyeje?

Dada yangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike haya yote. Anayehimiza watu wakimbie huwaza kijana mwenye kaptura na saa mkononi. Hamuwazi mama anayepika alfajiri, wala njia isiyo na taa. Toka na majirani wawili watatu. Maskani humcheka mmoja, wakiwa wanne huwaamkia. Chini ya buibui jepesi vaa suruali ya pamba na raba, inatosha. Vikundi hivi vina faida ambayo haipimwi kwa mashine: mnajuana hali, na asiyeonekana siku mbili anafuatwa nyumbani.

Na mtu asikwambie unene wako ni uvivu. Kampeni zikipigwa vibaya huacha lawama hiyo. Bustani ya Mama Ngina ilifunguliwa upya Oktoba 2019 na ina njia nzuri ya kukimbilia kando ya bahari. Wa Likoni huvuka feri bure kwa miguu akafika. Wa Mishomoroni au mtaa wa Bangladesh analipa matatu kwenda na kurudi ili tu apate mahali pa kukimbia. Hapo mvivu ni nani?

Ufukweni je?

Pazuri, maji yakipwa. Kimbia kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Ufuo una mteremko, kwa hiyo rudi kwa njia ile ile ili goti moja lisibebe mzigo wote. Majira ya bamvua uliza wavuvi saa za maji, wanazijua kuliko simu yako.

Na mwezi wa Ramadhani?

Nusu saa kabla ya futari kwa kutembea, au saa mbili hivi baada ya kula kidogo. Mwenye sukari anayetumia dawa asijaribu bila ushauri.

Raba za bei mbaya ni lazima?

Hapana. Za mtumba za Kongowea zinafaa. Ipinde kabla ya kulipa: ikikunjika penye vidole, chukua. Ikikunjika katikati kama chapati, mrudishie mwenyewe.