Sarafu adimu za daraja la juu: mambo ya kuchunguza kabla ya kununua

Mkusanyaji anayeanza kutazama sarafu za bei kubwa hukutana mapema na maneno "hakuna iliyoizidi". Maana yake ni kwamba katika hesabu za kampuni iliyoikagua hakuna sarafu nyingine ya aina na mwaka huo iliyopewa daraja la juu zaidi. Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli, lakini yanaeleza hali ya orodha siku iliposomwa, ilhali mnunuzi huyapokea kana kwamba yanazungumzia sarafu zote zilizosalia duniani.

Kipimo cha hali ya sarafu, cha 1 hadi 70, kinachotumika leo kilitungwa na William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyekichapisha mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake zilizotengenezwa kati ya mwaka 1793 na 1814. Shabaha yake ilikuwa bei: senti ya daraja la 70 ilitazamiwa kuwa na thamani mara 70 ya ile iliyochakaa hata ikawa vigumu kuitambua. Uwiano huo wa bei ulikufa zamani, namba zikabaki. Tangu kampuni ya ukaguzi wa sarafu ya PCGS ilipoanza mwaka 1986 na NGC mwaka uliofuata, sarafu hupewa daraja na wakaguzi wa kampuni, kisha hufungiwa katika kasha gumu la plastiki lenye kibandiko na namba ya cheti. Sarafu ambayo haijawahi kuingia kwenye mzunguko hupangwa kati ya 60 na 70, na tofauti ya 66 na 67 huamuliwa kwa wingi wa mikwaruzo, mahali ilipo, nguvu ya mng'ao na ukali wa chapa. Hayo ni maamuzi ya macho. Sarafu iliyopewa 66 mwaka huu inaweza kurudishwa miaka kadhaa baadaye ikapewa 67 bila chochote kubadilika juu yake.

Hapo ndipo hesabu za kampuni zinapoanza kupotosha. Mwenye sarafu anayeamini kwamba amepunjwa daraja huivunjia kasha na kuipeleka tena, pengine mara nne au tano, na asiporudisha vibandiko vya zamani sarafu hiyo moja huendelea kuhesabiwa kama sarafu nne au tano. Kwa upande mwingine, sarafu za kawaida ambazo thamani yake haifikii hata ada ya ukaguzi hazipelekwi kabisa, hivyo orodha huonyesha mbili au tatu tu huku mamia yakiwa yamelala kwenye masanduku ya watu. Kwa hiyo namba ndogo inaweza kuwa dalili ya uadimu, na inaweza vilevile kuwa dalili kwamba hakuna aliyejisumbua. Soma hesabu za kampuni zote mbili kwa pamoja, na ukiweza, linganisha hesabu ya leo na ya miaka iliyopita. Sarafu iliyokuwa peke yake kileleni, kisha ikapata wenzake sita ndani ya muda mfupi, haistahili bei ya ile ya kwanza.

Idadi iliyotengenezwa nayo isikutoshe, kwa kuwa haisemi ni ngapi zilizosalia. Chini ya sheria ya Pittman ya mwaka 1918, Marekani iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270, na hakuna kumbukumbu kamili ya miaka iliyokuwa imechapwa juu yake. Kinyume chake, dola ya mwaka 1903 ya kiwanda cha New Orleans ilisifika kwa uadimu hadi mwaka 1962, mifuko yake ilipotoka kwenye hazina ya serikali na bei ikaporomoka. Tena daraja si lazima liwe karibu na kilele: sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933, iliyouzwa mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 18.9, ilikuwa na daraja la 65.

Katika kuthibitisha, anza na kasha. Andika namba ya cheti kwa mkono wako katika tovuti ya kampuni yenyewe, wala usifuate kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Kuiona namba ikitokea hakutoshi, kwa sababu waghushi wa makasha hunakili namba halisi ya sarafu iliyopo kweli. Tafuta picha ya kampuni, halafu linganisha alama ndogo: mkwaruzo chini ya kidevu cha sura, doa karibu na nyota, mpaka wa rangi iliyoingia kwa miaka mingi. Alama hizo ni kama za vidole, zisipolingana, acha.

Sarafu isiyo na kasha hudai kazi zaidi. Mizani na kipimo cha kipenyo hufichua ghushi nyingi, kwani dola ya fedha ya aina ya Morgan inapaswa kuwa na gramu 26.73 na milimita 38.1. Hata hivyo vifaa hivyo havitambui sarafu halisi iliyopachikwa herufi ya kiwanda kingine, yaani herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilitengenezwa wapi. Sarafu za senti 10 za Marekani za mwaka 1916 zilizotengenezwa Denver ni 264,000, ilhali za Philadelphia, zisizo na herufi, zinapita milioni 22. Kishawishi cha kubandika herufi D kiko wazi. Zile halisi za Denver zinajulikana kutokana na mihuri minne tu ya upande wa nyuma (vyuma vinavyopiga chapa sarafu), na kila muhuri una mahali pake pa herufi. Lenzi ya kukuza mara 10 na picha za mihuri hiyo ndizo hujibu swali.

Kazi ninayoipenda kuliko zote, ingawa wengi huiruka, ni kufuatilia wamiliki wa zamani. Katalogi za minada ya karne iliyopita zilikuwa na picha, na nyingi sasa zinasomwa bure katika Newman Numismatic Portal, maktaba ya mtandaoni ya maandishi kuhusu sarafu. Mtu akidai kwamba sarafu ilitoka katika mkusanyiko wa Louis Eliasberg, mkusanyaji maarufu wa Marekani, uliouzwa kwa awamu mwaka 1982, 1996 na 1997, fungua katalogi, tafuta picha, linganisha alama zile zile. Wakati mwingine utaikuta sarafu hiyo hiyo ikiwa na daraja la chini zaidi miaka 15 iliyopita, au ikiwa na doa ambalo leo halipo. Doa haliondoki lenyewe.

Ukishanunua, piga picha zako pande zote mbili na kwenye ukingo, uzihifadhi pamoja na risiti na kurasa za katalogi. Na ukiwahi kubadilisha kasha, rudisha kibandiko cha zamani kwa kampuni ili hesabu yao ipungue kwa moja.