Disleksia ya ukubwani: mtu anasoma vizuri, lakini kwa gharama gani?

Mtu mzima ambaye disleksia yake (ugumu wa kudumu wa kugeuza herufi kuwa sauti, unaochelewesha kusoma na kuvuruga tahajia) haikuwahi kutambuliwa, mara nyingi anajua kusoma. Hapo ndipo wengi hukosea, walimu na madaktari wakiwemo. Humpa aya moja, anaisoma bila kosa kubwa, wanamwambia hana tatizo. Hakuna aliyeuliza ametumia muda gani, amerudia mstari uleule mara ngapi, au kwa nini barua ya nusu ukurasa humla jioni nzima.

Lugha nayo hubadili sura ya tatizo. Kiswahili, kama Kiitalia na Kihispania, huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Ukishazijua silabi utalimaliza neno lolote, hata kwa kujikokota. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili mwenye disleksia huchelewa zaidi kuliko anavyokosea. Kiingereza, ambacho sauti moja huandikwa kwa njia nyingi, humfichua kwenye tahajia, naye huishia kuambiwa kwamba Kiingereza chake tu ndicho kibovu. Ndiyo maana ninapompima anayetumia lugha mbili, namtathmini kwa zote mbili.

Kabla ya vipimo vyenyewe, macho na masikio yachunguzwe, na historia ya shule ijulikane: aliyekosa kufundishwa si sawa na aliyefundishwa vizuri na bado akakwama. Kisha nampa orodha ya maneno ya kubuni, mfano “pishandolu” au “kemtwazibo”, asome kwa dakika 1. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Kwa miaka mingi mtu huyu amehifadhi kichwani maneno mengi kamili, na mengine huyabahatisha kutokana na maana ya sentensi. Neno lisilokuwepo humnyima njia zote mbili, abaki na kazi ya kugeuza herufi kuwa sauti, ambayo ndiyo kiini cha disleksia.

Vipimo vingine ni kubadilishana sauti za mwanzo (“meza kubwa” iwe “keza mubwa”), kutaja haraka safu za tarakimu, kurudia namba kinyumenyume, na imla. Kosa la kawaida la mpimaji ni kutotumia saa. La pili ni kusahau hofu: mtu aliyewahi kuaibishwa darasani husoma polepole mbele ya mgeni hata kama hana disleksia. Ndiyo maana namsomea pia kifungu cha ugumu uleule na kumuuliza maswali. Akielewa vyema kwa kusikiliza, lakini akasuasua kwenye maandishi, pengo hilo lina uzito. Kigezo cha zamani cha kudai akili iwe juu sana kuliko usomaji kimeachwa, na ni vizuri, kwa sababu kiliwanyima wengi msaada.

Disleksia haiponi, lakini mzigo wake hupungua sana. Anza na programu ya simu au kompyuta inayokusomea maandishi kwa sauti: sikiliza huku macho yakifuata maandishi, kwa kasi ya mazungumzo ya kawaida, uiongeze masikio yakizoea. Ukiandika, tamka rasimu ya kwanza kompyuta iiandike, badala ya kuichapa mwenyewe, kisha ikusomee. Neno lililorukwa, ambalo jicho hulijazia lenyewe, sikio hulinasa. Usisahihishe tahajia ukiwa bado unatunga, maana kazi mbili hizo hugombea kumbukumbu ileile finyu na wazo hupotea katikati.

Kurasa ziwe na herufi za ukubwa wa 12 hadi 14, nafasi ya 1.5 kati ya mistari, na maandishi yaliyonyooka upande wa kushoto pekee. Ukinyoosha pande zote mbili, mianya kati ya maneno huwa haina mpangilio na jicho hupoteza mstari. Miwani ya rangi na fonti maalumu za disleksia sizipendekezi: ushahidi wake ni dhaifu, na fonti hizo zikisaidia, mara nyingi ni kwa sababu ya nafasi pana kati ya herufi, ambayo unaweza kuiweka bure.

Kazini, usiombe “kueleweka”. Omba vitu vinavyotekelezeka: ajenda na nyaraka siku 1 kabla ya kikao, maagizo marefu yaletwe kwa maandishi yakiwa yamegawanywa hatua kwa hatua, ruhusa ya kurekodi mazungumzo badala ya kuandika huku unasikiliza, na usiitwe kusoma kwa sauti mbele ya watu bila kujulishwa mapema.